Kilomita 20 za ziada: Hesabu ya breki ambayo madereva wengi hawaijui

MTEREMKO wa kutoka Sachangwan hadi Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, umeua watu wengi kiasi kwamba Wakenya hulitaja jina lake kwa hofu, kama watajavyo jina la maradhi. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana ana kwa ana katika eneo la Migaa, kwenye mteremko huo huo, na watu 36 wakapoteza maisha. Si mbali na hapo, Juni 30, 2023, lori lililobeba kontena lilitoka barabarani kwenye makutano ya Londiani, likavamia magari, bodaboda na wachuuzi waliokuwa wakiuza bidhaa zao kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa.

Kila baada ya msiba wa aina hii, kauli inayosikika kwanza ni ile ile: breki zilikataa. Polisi huitaja, manusura huitaja, na magazeti huichapisha. Wachache huuliza swali linalofuata, yaani breki zilikataa kufanya nini hasa, na zilikuwa zimetakiwa kufanya kiasi gani.

Swali hilo lina jibu la tarakimu. Jibu lenyewe limo katika somo la fizikia ambalo wanafunzi wa kidato cha tatu walifunzwa kwa miaka mingi chini ya mfumo wa 8-4-4, wakalikariri kwa ajili ya mtihani na wengi wao wakalisahau siku walipopata leseni ya kuendesha gari. Ni somo la kazi na nishati.

Katika lugha ya kila siku, kazi ni kibarua, ajira au shughuli yoyote inayomchosha mtu. Wanafizikia wamelibana neno hilo likawa na maana moja tu. Kwao, kazi hufanyika pale kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, inapokisogeza kitu umbali fulani. Hamali anayesukuma mkokoteni wa viazi katika soko la Kongowea na mkokoteni ukasonga, amefanya kazi. Gurudumu likikwama shimoni na mkokoteni ukakataa kusogea, hata atokwe na jasho namna gani, mkokoteni haujafanyiwa kazi yoyote. Hamali mwenyewe huenda asipendezwe na ufafanuzi huo, lakini hesabu haina huruma.

Kani hupimwa kwa nyutoni, umbali kwa mita, na ukizidisha hivyo viwili unapata kazi kwa kipimo kiitwacho juli. Kuinua pakiti ya unga ya kilo mbili kutoka sakafuni hadi kwenye rafu iliyo juu kwa mita moja kunahitaji takriban juli 20. Kipimo hicho ni kidogo, ndiyo maana hesabu za magari hujaa maelfu na mamilioni.

Kazi aliyoifanya hamali haipotei. Mkokoteni uliokuwa umesimama sasa unakwenda, na kule kwenda kwake ni akiba ya kazi ile. Akiba hiyo ndiyo nishati ya mwendo. Kuipata, chukua tungamo la kitu, yaani kilo zake kama zinavyosomwa kwenye mizani, lizidishe kwa kasi, uzidishe tena kwa kasi ile ile, kisha ugawanye kwa mbili. Kasi lazima iwe ya mita kwa sekunde, na dereva aliyezoea kilomita kwa saa atagawanya tarakimu ya kwenye dashibodi kwa 3.6.

Maneno hayo, kuzidisha kwa kasi mara mbili, ndiyo yaliyobeba roho za watu. Wataalamu wa Ulaya walibishana kuyahusu kwa miongo mingi. Mjerumani Leibniz alikuwa amedai tangu 1686 kwamba nguvu iliyomo ndani ya kitu kinachokwenda hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe, na wengi wakampinga. Mholanzi Willem 's Gravesande akaangusha tufe za shaba juu ya udongo laini na kupima mashimo. Tufe iliyotua kwa kasi maradufu haikuchimba shimo la kina maradufu, ilichimba shimo la kina mara nne. Mfaransa Émilie du Châtelet, mmoja wa wanawake wachache wa wakati ule walioandika vitabu vya sayansi, aliutetea ushahidi huo katika kitabu chake cha 1740. Ilibidi kungoja hadi 1829 ndipo Mfaransa mwingine, Gaspard-Gustave de Coriolis, alipolipa neno kazi maana yake ya kifizikia na kuiweka ile nusu katika hesabu.

Matokeo ya mjadala huo yanaweza kuelezwa kwa sentensi moja. Jumla ya kazi iliyofanywa na kani zote zinazosukuma au kuzuia kitu ni sawa na nishati yake ya mwendo ya mwishoni, ukitoa ile ya mwanzoni.

Uzuri wa kanuni hiyo ni kwamba haihitaji kujua mambo mengi. Haijali ikiwa dereva alikanyaga breki kwa pupa au kwa utaratibu, wala haijali ilichukua sekunde ngapi. Inahitaji kasi ya kuanzia na kasi ya kumalizia tu, na kazi inajulikana. Jibu likiwa chanya, gari limeongezwa nishati, na kwa kawaida injini ndiyo iliyofanya hivyo. Likiwa hasi, gari limenyang'anywa nishati, ama na breki, ama na upepo, ama, Mungu apishe mbali, na mti ulio kando ya barabara.

Chukua mfano wa matatu ya abiria 14 ambayo, pamoja na watu na mizigo yao, ina kilo 3,000. Kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 36 kwa saa, nishati yake ya mwendo ni juli 150,000. Ikifika mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, nishati haiwi 300,000 bali 600,000. Kwa mita 30 kwa sekunde, sawa na kilomita 108 kwa saa, inakuwa juli 1,350,000.

Sasa tazama tofauti. Kuitoa matatu hiyo kwenye kusimama hadi mita 10 kwa sekunde ni kazi ya juli 150,000. Kuitoa mita 10 hadi 20 ni juli 450,000. Kuitoa mita 20 hadi 30 ni juli 750,000. Mshale wa kasi umesogea kiasi kile kile mara zote tatu, lakini kazi imekwenda kwa uwiano wa moja, tatu, tano. Hapa ndipo wanafunzi wengi huangukia pua katika mtihani. Wao hutoa 20 kutoka 30, wakapata 10, wakaizidisha kwa yenyewe na kuandika juli 150,000. Jibu hilo ni moja ya tano ya jibu sahihi. Kila nishati lazima ihesabiwe peke yake kwanza, kisha ndipo itolewe.

Hesabu hiyo hiyo inamhusu mwenye gari mfukoni. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban juli milioni 32, lakini injini ya kawaida hufikisha kwenye magurudumu karibu robo tu ya hiyo, yaani kama juli milioni nane. Kila mara matatu inapotolewa kituoni hadi kilomita 72 kwa saa, mililita 75 hivi za petroli huteketea kwa kuongeza kasi pekee, kabla ya kuhesabu upepo na msuguano. Kisha makanga anagonga bodi, dereva anakanyaga breki, na nishati yote hiyo inageuka joto na kupeperuka. Vituo vinne tu, na chupa nzima ya soda ya mililita 300 imemwagwa barabarani.

Breki hufanya kazi yake kwa msuguano. Kazi inayotakiwa ni ile nishati yote ya mwendo, na kazi ni kani mara umbali. Kwa hivyo, ukijua kani ambayo breki na tairi zinaweza kutoa, umbali wa kusimama unapatikana kwa kugawanya. Kwa matatu ya kilo 3,000 yenye tairi nzuri juu ya lami kavu, kani ya nyutoni 20,000 ni kadirio la haki. Kwa kilomita 36 kwa saa, gari litasimama ndani ya mita saba na nusu. Kwa kilomita 72 litahitaji mita 30. Kwa 108, mita 67 na nusu.

Wakenya wanalifahamu jina la John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi. Kanuni zake zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilizilazimisha matatu kufungwa vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na kila kiti kuwa na mkanda wa usalama. Wenye magari walilalamikia gharama. Madereva walilalamikia muda. Baadaye vifaa hivyo vikawa vinachezewa, na kusikia matatu ikipita kwa kilomita 100 kwa saa au zaidi hakumshangazi mtu tena.

Je, kilomita 20 za ziada zina uzito gani? Kwa safari ya Nairobi hadi Nakuru, ambayo ni kama kilomita 160, anayekwenda kwa 100 bila kusimama atafika dakika 24 kabla ya anayekwenda kwa 80. Hiyo ndiyo faida yake yote.

Hasara ihesabiwe hivi. Matatu mbili zinazofanana kwa kila kitu ziko barabarani, moja kwa kilomita 80 kwa saa na nyingine kwa 100. Ng'ombe anaingia barabarani. Madereva wote wawili wanakanyaga breki mahali pamoja, kwa nguvu ile ile. Ya kwanza ina juli 740,741 na inasimama baada ya mita 37, pua ya gari ikiwa karibu kumgusa ng'ombe. Ya pili ilianza na juli 1,157,407. Katika mita hizo 37, breki zake zimefanya kazi ile ile iliyofanywa na breki za mwenzake, juli 740,741, wala haziwezi kufanya zaidi. Zimebaki juli 416,666. Ukiigeuza nishati hiyo kuwa kasi, inakuwa mita 16.7 kwa sekunde.

Hizo ni kilomita 60 kwa saa. Mahali ambapo gari la kwanza limesimama kabisa bila mkwaruzo, la pili linapiga kwa kilomita 60 kwa saa.

Dereva wa kawaida akiulizwa atakisia 20, kwa kuwa 100 ukitoa 80 ni 20. Lakini kinachotolewa ni nishati, na nishati hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Mia mara mia ni 10,000. Themanini mara 80 ni 6,400. Tofauti ni 3,600, ambayo ni 60 mara 60. Ni zile tarakimu za pembetatu ambazo mafundi ujenzi hutumia kupata pembe mraba ya msingi wa nyumba, sita, nane na kumi. Wala haijalishi gari ni zito au jepesi, maana kilo ziko pande zote mbili za hesabu na hujifuta zenyewe.

Na hapo dereva wa 100 amependelewa, kwa kuwa imechukuliwa kwamba wote wawili walikanyaga breki walipofika mahali pamoja. Kwa kweli binadamu huona, huelewa, ndipo mguu unapohama. Tuseme ni sekunde moja na nusu. Katika muda huo breki hazijafanya kazi hata ya juli moja, na gari linateleza kwa kasi yake kamili. La kilomita 80 litakwenda mita 33, la 100 mita 42. Ikiwa wote walimwona ng'ombe kutoka mahali pamoja, gari la kwanza litasimama baada ya mita 70 jumla, na la pili litafika hapo likiwa bado na kilomita 71 kwa saa.

Mvua ikinyesha, au tairi zikiwa zimelika hadi kung'aa, kani hiyo inaweza kupungua hadi nusu. Kazi inayotakiwa haipungui hata kidogo. Umbali wa breki kwa gari la kilomita 80 unakuwa mita 74, na kwa lile la 100 unakuwa mita 116, zaidi ya urefu wa uwanja wa kandanda.

Lori linaloteremka kutoka Sachangwan lina tatizo jingine kubwa zaidi, nalo ni kwamba hata likitaka tu kubaki na kasi ile ile, breki zake zina kazi ya kufanya. Mvuto wa dunia ni kani kama kani nyingine, na gari linaposhuka, mvuto huo unalifanyia kazi chanya bila kuchoka. Trela ya tani 40 iliyoshuka mita 100 kwenda chini, ikipimwa wima na si kwa urefu wa barabara, imefanyiwa kazi ya juli milioni 39.

Dereva akitaka kushuka kwa kilomita 72 kwa saa kutoka juu hadi chini, nishati yake ya mwendo mwanzoni na mwishoni ni sawa. Tofauti ni sufuri. Kwa hivyo jumla ya kazi ya kani zote ni sufuri, na hilo linawezekana tu ikiwa kitu fulani kimefanya kazi hasi ya juli milioni 39 kuikabili ile ya mvuto. Msuguano wa tairi na upepo utachukua fungu lake. Kilichobaki lazima kichukuliwe na injini au breki.

Joto linalopatikana kwa juli milioni 39 linatosha kuchemsha lita 116 za maji yaliyokuwa vuguvugu la kawaida. Dereva akiwa amelitia lori gia ndogo, injini yenyewe huzuia gari na kubeba sehemu kubwa ya mzigo huo, na joto hutoka pamoja na moshi na kupitia rejeta. Lakini baadhi ya madereva wana desturi ya kulitoa lori kwenye gia na kuliachia liserereke lenyewe, ili kuokoa dizeli. Papo hapo injini imejitoa katika kazi, na joto lote linahamia kwenye breki. Vyuma vinapopata moto kupita kiasi, msuguano wake hudhoofika, kani hupungua, na dereva anayekanyaga kwa nguvu zote huhisi kama anakanyaga sponji. Akijaribu wakati huo kulirudisha lori kwenye gia, kasi imeshapita kiwango ambacho gia zinaweza kukubali.

Nini kinafuata? Kwa kilomita 72 kwa saa trela hiyo ina juli milioni nane za nishati ya mwendo, zaidi ya mara 13 ya matatu iliyotajwa awali. Ikishuka mita 50 zaidi bila breki, mvuto unaiongezea juli milioni 19.6. Kama si upepo na msuguano wa tairi, ingefika chini kwa kilomita 134 kwa saa. Hata vizuizi hivyo vikipunguza sehemu ya kasi hiyo, kilichobaki kinatosha kuvunja basi. Ndiyo sababu kauli ya kwamba breki zilikataa, ingawa mara nyingi ni ya kweli, huanza kuelezea ajali mwishoni. Ajali ilianza kilomita kadhaa juu, mkono wa dereva ulipougusa mti wa gia.

Vituo vya mizani, mathalani ule wa Gilgil, hupima kilo za lori. Kilo zina umuhimu wake, kwani nishati huongezeka sambamba nazo, na breki zilizoundwa kwa mzigo fulani hazitoi kani zaidi kwa sababu mzigo umeongezwa kwa magendo. Lakini tani zikiongezwa kwa asilimia 20, nishati huongezeka kwa asilimia 20. Kasi ikiongezwa kwa asilimia 20, nishati huongezeka kwa 44.

Nchi zenye barabara za milimani hujenga njia za dharura kando ya miteremko, zilizojazwa kokoto nyingi zisizoshindiliwa. Lori lililopoteza breki huelekezwa humo, na magurudumu yakazama. Trela ya tani 40 inayoingia kwa kilomita 90 kwa saa ina juli milioni 12.5. Kokoto zikiisimamisha katika mita 100, zitakuwa zimetoa kani ya wastani ya nyutoni 125,000, kama thuluthi ya uzito wa lori lenyewe. Dereva atatikisika sana lakini atatoka akitembea. Ukuta wa zege ungefanya kazi ile ile, juli milioni 12.5, ndani ya mita moja au mbili.

Hilo la umbali ndilo linaloamua nani ataishi. Gari likigonga kitu kwa kilomita 60 kwa saa na kusimama, kila aliyemo ndani bado anakwenda kwa kilomita 60, na nishati yake lazima iondolewe na kitu fulani. Abiria wa kilo 60 ana juli 8,333, sawa na mtu aliyeanguka kutoka mita 14, kama ghorofa ya nne. Akiwa amefunga mkanda, mkanda unanyumbuka na bodi ya gari inakunjika, na mwili wake unasimama katika nusu mita hivi. Gawanya juli 8,333 kwa 0.5, upate kani ya nyutoni 16,667, kama uzito wa tani moja na nusu na zaidi, iliyotandazwa kifuani na kiunoni. Ataumia, pengine mbavu zitavunjika. Bila mkanda, ataruka hadi akutane na chuma cha kiti cha mbele, na kitakachomsimamisha ni sentimita tano tu za nyama na mfupa. Kani inakuwa nyutoni 166,667, uzito wa tani 17.

Kofia ngumu ya bodaboda hufuata hesabu hiyo hiyo. Povu lililo ndani yake halipunguzi kazi inayohitajika kukisimamisha kichwa. Linaipa sentimita chache za ziada za kufanyikia.

Wazazi husafiri na watoto wachanga wakiwa wamewapakata, wakiamini kwamba mikono ya mama haiwezi kumwachilia mwanawe. Mtoto wa kilo 10 katika gari linalogonga kwa kilomita 60 kwa saa ana juli 1,389. Mama akiwa amefunga mkanda na kusimama katika nusu mita ile, atahitaji kumzuia mtoto kwa kani ya nyutoni 2,778. Huo ni uzito wa kilo zaidi ya 280, magunia matatu ya mahindi ya kilo 90 na ziada, yanayomjia mikononi kwa ghafla, na yote hayo kwa kufumba na kufumbua.

Wachunguzi wa ajali huitumia kanuni hii kinyumenyume. Wao hawakuwepo, hawakuona dashibodi, na dereva aliyenusurika mara nyingi ataapa kwamba alikuwa akienda polepole. Lakini magurudumu yaliyofungwa na breki yameacha michirizi myeusi kwenye lami. Mchirizi ni umbali, na msuguano kati ya tairi na lami kavu hujulikana, takriban sehemu saba kwa kumi za uzito wa gari. Kani mara umbali ni kazi, kazi ni nishati iliyopotea, na nishati hurudishwa kuwa kasi. Kilo za gari hujifuta tena, hivyo hakuna haja ya kujua kama lilikuwa limebeba abiria wangapi.

Mchirizi wa mita 50 kwenye lami kavu iliyo tambarare unasema kwamba gari lilikuwa likienda kwa mita 26 kwa sekunde, yaani kilomita 94 kwa saa. Barabara ikiwa na mteremko, kazi ya mvuto nayo huingizwa katika hesabu. Magari ya kisasa yenye breki zinazozuia magurudumu yasifunge huacha michirizi hafifu, na mvua huweza kuifuta kabla mchunguzi hajafika na utepe wake.

Hata hivyo, kilomita hizo 94 ni kiwango cha chini kabisa ambacho mahakama inaweza kuambiwa. Hesabu inachukulia kwamba mwishoni mwa mchirizi gari lilikuwa limesimama. Mchirizi ukikatika ghafla pale palipotapakaa vioo, gari lilikuwa bado na nishati, na iliyobaki lazima itafutwe katika kina cha mabati yaliyobonyea na umbali ambao gari lililogongwa lilirushwa.